Wimbo Wenye Kikohozi

Siku Fundi alipokwenda kujitambulisha kwa kina Kitinda alibeba vitu viwili: mkebe wa biskuti, na sahani ndogo ya santuri aliyoihangaikia miaka na miaka. Biskuti zilipokelewa kwa mikono miwili. Sahani nusura imkoseshe mke.

Lakini tusitangulize mkia mbele ya kichwa.

Kitinda aliitwa hivyo nyumbani kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo la mama yake. Kazini, kwenye duka la miwani, alikuwa akikata vioo na kuvisugua mpaka vikae sawasawa ndani ya fremu, kazi ya subira na macho makali. Fundi naye alikuwa fundi wa magitaa, mwenye chumba kimoja kinachonuka gundi na mbao, magitaa ya watu yamening'inia ukutani kama nguo zinazongoja kukauka. Alikuja kwenye duka hilo na miwani iliyokatika mkono, mkono wenyewe ameufunga kwa uzi wa gitaa. Kitinda alicheka moyoni, akachukua bisibisi, akaanza kazi. Mteja naye, akingoja, akaanza kuimba taratibu kwa pua.

Bisibisi ikasimama.

"Huo wimbo umeutoa wapi?" Kitinda akauliza.

"Samahani, dada. Nakusumbua?"

"Sikuuliza kama unanisumbua. Nimeuliza umeutoa wapi."

Alikuwa na haki ya kushangaa. Bendi yenyewe, ile ya vijana wa Kiingereza na magitaa yao, ilijulikana hata kwa asiyejua neno moja la Kiingereza. Nyimbo zao kubwa zilipigwa harusini, viwanjani na kwenye maduka ya nguo, watu wakaimba hata maneno yasiyokuwemo. Huu haukuwa mmoja wa hizo. Huu ulijificha upande wa pili wa sahani, nyuma ya wimbo uliopendwa na dunia nzima. Watu walisikiliza upande wa kwanza, wakainua sindano, wakaenda zao. Kitinda katika maisha yake aliusikia kwa mtu mmoja tu: baba yake, aliyeuimba uani akinyoa ndevu, na kuukatiza mara mama alipokaribia.

"Niliusikia redioni nikiwa mtoto," Fundi akasema. "Nililazwa hospitali muda mrefu, nimevunjika paja. Jumapili baada ya chakula kulikuwa na kipindi. Mtangazaji wake hakupiga nyimbo wanazozijua watu; alipiga zile zilizosahaulika. Sauti yake, dada, ilikuwa kama mtu anayekufunika shuka."

"Huyo ni baba yangu," Kitinda akasema.

Fundi akakaa. Hakutazama kama kuna kiti. Bahati yake kilikuwepo. "Yu hai?"

"Yu hai. Anafuga kuku na hasemi kitu."

"Mimi nina neno moja tu la kumwambia," akasema, na macho yake, bila miwani, yalionekana kama ya mtoto aliyeamshwa usingizini. "Asante."

Hapo ndipo ilipoanzia. Mapenzi yao hayakuja mbio. Yalikuja kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu, akakaribishwa, akasahau kuondoka. Fundi akawa na miwani inayolegea skrubu kila wiki, na Kitinda akawa na sababu ya kupita njia ya kwenye karakana ya magitaa, ingawa kwao kulikuwa upande mwingine kabisa wa mji.

Tatizo lilikuwa Mama.

"Anafanya kazi gani huyo?" Mama aliuliza siku alipoambiwa, akikunja shuka.

"Anatengeneza magitaa, Mama."

Shuka ikabaki hewani nusu imekunjwa. "Mwanangu, mimi nimeolewa na muziki. Naujua utamu wake na naujua uchungu wake. Sikukuzaa ili uje kunywa kikombe kile kile."

"Mama, Baba hakuwahi kukupiga, hakulewa, hakulala nje."

"Nani amesema habari ya kulewa? Kuna mambo hayana harufu." Akamaliza kukunja shuka. Akaikunjua, akaikunja tena. "Mlete nimwone. Kumwona si kumkubali."

Ndipo ikafika Jumapili yenyewe. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, alikuja mapema bila kuitwa, amevaa kama anayekwenda kusimamia mtihani. Alikaa kwenye kochi linalotazama mlango ili amwone mgeni anavyoingia, na alipoingia, Shangazi akamwinamia Mama sikioni kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka kwa jirani:

"Anachechemea!"

"Shikamoo, Shangazi," Fundi akasema. "Kweli nachechemea. Mguu huu ulivunjika utotoni, mmoja ukawahi kukua kuliko mwenzake. Lakini nafika ninakokwenda."

Baba akacheka kidogo. Mama hakucheka. Kitinda, aliyekuwa amesimama karibu na kabati la vyombo, aliyaona macho ya Fundi yakimtafuta, yakampata, yakatulia. Alitamani kuvuka chumba akamshike mkono. Badala yake akapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Sebule ile Kitinda aliijua kama kiganja chake: makochi yenye vitambaa vya kufuma, picha za kaka zake na majoho yao, saa ya ukutani inayokwenda mbele. Pembeni kulikuwa na gramafoni ya Baba, imefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki. Haikufunguliwa tangu Kitinda alipokuwa darasa la pili. Alikua akidhani imeharibika.

Shangazi akaanza kazi yake. "Haya, kijana, wazazi wako wako wapi?"

"Walionizaa siwajui sana, Shangazi. Aliyenipeleka hospitali hakurudi kunichukua. Nilipopona, akanichukua mama mmoja aliyekuwa anafanya kazi pale. Huyo ndiye mama yangu."

"Mama wa kuokotwa."

"Aliyeokotwa ni mimi, Shangazi," Fundi akasema kwa upole. "Yeye ndiye aliyeokota."

Shangazi akafungua mdomo, akaufumba. Ilikuwa nadra. Kitinda akainama kuficha tabasamu.

"Na hayo magitaa," Mama akaingilia, akiwa bado amesimama mlangoni kwa jikoni. "Unayatengeneza tu, au na kuyapiga pia?"

"Nayapiga kidogo, Mama. Ili nijue kama yamepona."

"Usiku? Kwenye mabaa?"

"Hapana. Karakana, mchana, nikiwa peke yangu. Nikipiga mbele ya watu vidole vinasahau njia."

Mama akamtazama muda mrefu, kama anayetafuta doa kwenye nguo nyeupe. Kisha akaenda kuleta chai.

Ndipo Fundi, akiona Mama hayupo, akafungua mfuko wake. "Mzee," akasema, na sauti yake ikakwaruza, "nimekuja kwa sababu mbili. Ya kwanza mnaijua. Ya pili ni yangu na wewe. Nimekuletea kitu."

Baba akaipokea ile sahani ndani ya karatasi yake iliyopauka. Akaigeuza upande wa pili, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kitinda aliona midomo yake ikisoma. Uso ule uliozoea kuku na ukimya ukafunguka kama dirisha.

"Umeipata wapi?"

"Mtu mmoja aliniletea gitaa la marehemu kaka yake. Ilikuwa chini kabisa kwenye kasha la gitaa. Nikamwomba, akanipa."

"Yangu ilipotea," Baba akasema. Akainuka bila kusema zaidi, akachukua chombo cha maua akakiweka chini sakafuni, akavuta kitambaa. Akapuliza vumbi. Mikono yake ilijua la kufanya. Fundi akainuka kumsaidia na waya. Kitinda alipowatazama wawili hao wameinama juu ya mashine moja, kichwa chenye mvi na kichwa cheusi, alijikuta akishukuru bila kujua anamshukuru nani.

"Weka chini hiyo."

Mama alikuwa amesimama na sinia la chai. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Mama Kitinda—" Baba akaanza.

"Nimesema weka chini. Sahani yako haikupotea. Niliivunja mimi, nikaitupa, na ningeivunja tena leo. Katika nyumba hii wimbo huo haupigwi." Akamgeukia Fundi. "Na wewe, kijana, nani amekutuma? Miaka yote hii, mji mzima una nyimbo, wewe umeona uniletee huo?"

"Mama!" Kitinda akasema. "Hakutumwa na mtu! Ni zawadi!"

"Wewe nyamaza, hujui kitu."

"Basi niambie nijue! Tangu nimeanza kumtaja umekataa, ukiulizwa sababu unakunja shuka. Kosa lake ni nini? Kosa la Baba ni nini?"

Sinia likaanza kulia kwa vikombe kugongana. Shangazi akalipokea. Mama akajifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na maji.

"Haya. Mmetaka, sikieni." Alikuwa anaongea na Kitinda, lakini anamtazama Baba. "Wewe ulikuwa mdogo. Kila Jumapili, baba yako akishatoka kwenda studio, simu inalia. Mwanamke. Sauti tamu, ya kicheko. Hanisalimu hata vizuri. 'Ametoka? Basi ukimwahi mwambie asisahau wimbo wetu.' Wimbo wetu! Mimi mke wake wa ndoa sina wimbo, mwenzangu anao! Nikajisemea, labda nimesikia vibaya. Jumapili nyingine akapiga tena, na anacheka kabisa. 'Mwambie tuko kitandani, tunamngoja.'"

"Kitandani?" Shangazi akasema, akashika kifua.

"Kitandani. Na masikio yangu haya. Nikawasha redio. Baba yako akasoma habari zake, akasema kwa ile sauti yake, 'Na sasa kwa wale wanaongoja,' akaupiga. Kila Jumapili. Kila Jumapili niko jikoni naosha vyombo namsikia mume wangu anambembeleza mwanamke mwingine mbele ya nchi nzima. Na akirudi nyumbani? Kimya. Maneno yote ameyamaliza redioni, mimi ananiletea kofia ya kutundika."

Kitinda alimtazama mama yake na kwa mara ya kwanza akamwona alivyokuwa kijana, mikono kwenye povu, redio dirishani.

Kisha akamwona Fundi. Alikuwa amesimama vile vile, waya wa gramafoni mkononi, lakini uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Vitandani," Fundi akasema.

"Nini?"

"Mama, nisamehe nikuingilie. Hakusema kitandani. Alisema vitandani. Tulikuwa vitandani. Sote." Akaugusa mguu wake. "Wodi ya watoto. Mimi mguu wangu ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na mawe ya uzito, siwezi hata kugeuka. Wa pembeni yangu plasta imemshika kuanzia kifuani mpaka gotini. Yule wa dirishani alikuwa anauguza vidonda vya moto. Jumapili ndiyo siku ya wageni, na wengi wetu hatukuwa na mgeni. Ikifika saa ile tunalia. Mmoja akianza, wodi nzima. Nesi wetu akahangaika, akatuletea redio yake ya nyumbani. Siku ya kwanza ndiyo tukausikia wimbo huo. Katikati, pale gitaa linapobaki peke yake, mmoja wao anakohoa. Anakohoa kabisa, koh! Nadhani hawakuwa na muda wa kurudia, wakauacha hivyo hivyo."

"Koh-koh," Baba akasema polepole. "Mara mbili."

"Mara mbili, mzee! Basi yule wa plasta akacheka. Alikuwa hajacheka tangu aletwe. Nesi akaona hiyo ni dawa. Akapiga simu redioni, akamwomba mzee aurudie, kisha wakampa namba ya nyumbani kwako, Mama. Jumapili iliyofuata tukangoja, na wimbo ulipofika pale, wodi nzima ikakohoa pamoja naye. Ikawa ndiyo desturi yetu. Tukauita wimbo wenye kikohozi. Yule nesi alikuwa anapiga simu sisi tunapiga kelele nyuma yake, ndiyo maana alikuwa anacheka, ndiyo maana hakukusalimu vizuri. Alikuwa anatunyamazisha."

Mama akakaa. Shangazi alisogea kumpisha.

"Nilikwambia ni nesi," Baba akasema.

"Ulisema mara moja!" Sauti ya Mama ikapasuka. "Mara moja, umesimama mlangoni, unavua viatu! Na mwanamume gani aliyebanwa hakusema ni nesi?"

"Nilidhani mara moja inatosha."

"Redioni saa ulikuwa unaitangaza mara tatu! Saa, ambayo kila mtu anayo ukutani! Jambo la nyumba yako ukalisema mara moja!"

Baba alikuwa bado ameshika ile sahani, ameiinamisha kama mtu aliyeshika sahani ya chakula asichokitaka. Kisha, kwa sauti ambayo Kitinda hakuwa ameisikia tangu utoto, ile sauti ya kufunikwa shuka, akasema:

"Ulinyamaza, na mimi nikanyamaza. Nikajua umechoshwa na muziki. Nikasema acha niufiche, nisikukere. Nikawa nauimba uani."

"Ukinyoa ndevu," Mama akasema. "Nami nikajua unamkumbuka yeye."

"Nilikuwa naikumbuka kazi yangu. Nilikuwa nakaa kwenye chumba kidogo, mbele yangu kioo, nyuma ya kioo fundi mitambo anakula karanga. Ukimwacha huyo nesi, sikujua kama kuna mtu anasikiliza. Mkuu wangu alinikataza ule wimbo, akasema sahani mbovu, ina kikohozi. Nikamwambia nyimbo kubwa zina watu wa kuzibeba. Hizi ndogo nisipozibeba mimi zitabebwa na nani?" Akamgeukia Fundi. "Walikohoa kweli?"

"Wote, mzee. Hata wa plasta, na ilikuwa inamuuma."

Baba akacheka. Akacheka mpaka akatafuta kiti, na alipokipata machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Asante, mzee," Fundi akasema. Akapiga goti moja, la mguu mzima, mbele ya kiti. "Nimeibeba asante hii tangu nikiwa mdogo. Lile gitaa pale katikati ndilo lililonifanya niseme, nikitoka hapa nitakishika kitu hicho nione kinavyosema. Kazi yangu, mkate wangu, ni wewe. Na kule duka la miwani, bila wewe nisingeimba, nisingeulizwa." Akamtazama Kitinda. "Hata Kitinda ni wewe. Namaanisha, ni wewe kwa vyovyote. Lakini unanielewa."

"Nakuelewa, mwanangu," Baba akasema, akamwekea mkono kichwani.

Mama aliinuka, akaenda jikoni. Walisikia bomba likifunguliwa, likafungwa. Kitinda alitaka kumfuata, Shangazi akamshika gauni. "Mwache. Kuna kilio hakitaki shahidi."

Walikaa hivyo, chai ikipoa. Kisha sauti ikatoka jikoni.

"Mnangoja nini? Upigeni. Nataka nikisikie hicho kikohozi."

Gramafoni ilikwaruza, ikasita, ikakubali. Gitaa likaingia chumbani polepole. Haukuwa wimbo wa kuchezwa. Ulikuwa wimbo mdogo, wa mtu anayeimba kama anaogopa kumwamsha mtoto, na Kitinda, aliyeufahamu kwa midomo ya baba yake na kwa pua ya mpenzi wake, aliusikia sasa mzima. Mama akaja kusimama mlangoni, macho mekundu. Maneno yakaisha, gitaa likabaki peke yake.

Koh-koh, akakohoa yule Mwingereza.

Na Fundi, mtu mzima na mvi mbili tatu, akakohoa naye. Halikuwa jambo la kupanga, mwili ulikumbuka. Akaziba mdomo kwa aibu. Lakini Baba naye akakohoa, amechelewa kidogo, na Shangazi, asiyependa kuachwa nyuma katika jambo lolote, akakohoa kwa nguvu kuliko wote mpaka akakohoa kweli, ikabidi apigwe mgongo.

Mama akacheka. Kitinda hakukumbuka kumwona mama yake akicheka hivyo, ameshika fremu ya mlango, kicheko na kilio vimeshikana mikono. Baba akainuka, akavuka chumba, akasimama mbele yake. Alisema kitu kwa sauti ya chini. Akaendelea kusema. Akasema mengi. Shangazi akanyoosha shingo, lakini safari hii Baba alikuwa na msikilizaji mmoja tu.

Wimbo ulipokwisha Mama akaja kukaa karibu na Fundi.

"Huyo nesi," akasema. "Yu hai?"

"Yu hai, Mama. Amestaafu, magoti yanamsumbua, lakini yu mzima." Fundi akasita. "Ndiye aliyenichukua. Ndiye mama yangu."

Shangazi akajipiga paja. "Yaani mama mkwe wa Kitinda ndiye yule—"

"Ndiye yule niliyemlaani kila Jumapili," Mama akasema. "Mungu hakunisikiliza, ashukuriwe." Akavuta pumzi. "Mlete. Aje na magoti yake, nitamtengea kiti cha mbele. Nataka nimwombe radhi, na nataka nimshukuru. Watoto wa watu aliwafuta machozi, na mmoja wao akamlea mpaka akajua kuamkia watu. Mimi nilikuwa na watoto wangu wote mezani, nikajinyima furaha kwa ajili ya sauti ya simu."

"Na mimi je, Mama?" Fundi akauliza polepole. "Kumwona si kumkubali, niliambiwa."

Mama akamtupia Kitinda jicho. "Na maneno ya nyumbani umeshampelekea?" Kisha akaulaza mkono wake juu ya mkono wa Fundi. "Kunywa chai, mwanangu. Mgeni mtu humbembeleza anywe. Mwanangu namkemea."

Baadaye, vyombo vikioshwa, Kitinda alisimama na mama yake kwenye sinki. Kutoka sebuleni zilikuja sauti za wanaume wawili wakibishana upande upi wa sahani ipi ulifaa zaidi, na Baba ndiye aliyekuwa akiongea zaidi.

"Sikia," Mama akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye povu. "Mimi na baba yako tulipendana. Hilo usilitilie shaka. Tulichokosa ni kusema. Yeye alisema mara moja, mimi sikuuliza mara ya pili. Katikati ya mara moja na mara ya pili miaka ikapita. Wewe ukishuku, uliza. Ukipenda, sema. Usimwachie mwenzako kazi ya kukisia."

"Nimesikia, Mama."

"Nashukuru leo amekuja. Nashukuru amekuja na sisi sote bado tupo." Akampokonya kitambaa. "Acha hivyo vyombo. Mtu wako anaaga, msindikize."

Kitinda alimfikia Fundi nje, kwenye njia ya mbele ya nyumba. Jua lilikuwa bado juu. Jirani mmoja alikuwa anaanika nguo, mwingine anaosha baiskeli, na wote wawili walipunguza kasi ya kazi zao walipomwona binti wa mtangazaji akimkimbilia mwanamume mchana kweupe.

"Nimesahau kitu?" Fundi akauliza.

"Mimi ndiye niliyesahau."

Alikuwa anahema. Tangu wajuane, Fundi ndiye aliyekuwa akisema. Alisema karakanani, alisema dukani, alisema kwenye simu, na kila mara Kitinda alijibu "na mimi," akatabasamu, akaona inatosha. Macho yake yalikuwa yanasema, si ndiyo? Mtu mwenye akili angeelewa.

"Nakupenda," akasema.

Fundi akatazama jirani wa nguo, akatazama jirani wa baiskeli. "Najua, Kitinda."

"Hujui. Ulikuwa unakisia." Akaushika mkono wake mbele ya macho yote yaliyokuwa yakitazama. "Nakupenda. Kesho nitasema tena. Na siku ukinisikia nimenyamaza, njoo uniulize."

Hakungoja jibu. Alimshika mkono vizuri, wakaanza kutembea, na kwa kuwa Fundi alikuwa anachechemea, Kitinda akapunguza mwendo mpaka hatua zao zikalingana.